Damu kwenye mswaki ni habari ya kliniki ya kisukari

Hotuba ya watoa huduma wa kinywa na meno kwa wagonjwa wa kisukari na ndugu zao, imeandikwa kwa ajili ya wasomaji

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, baba zetu, na nyinyi vijana mliowasindikiza wazazi asubuhi hii, karibuni.

Mkija kliniki mnachomwa kidole, mnapimwa presha, mnapanda kwenye mzani. Mnavua viatu, miguu inakaguliwa mpaka kati ya vidole. Mara moja kwa mwaka mnapelekwa kwa daktari wa macho. Mdomo je, unafunguliwa lini? Kwa wengi wenu haufunguliwi kabisa mpaka jino liume, na siku hiyo safari ni ya kung'oa.

Tumeombwa tuseme juu ya fizi na afya ya mwili mzima. Mada hiyo ni pana, na kuna mengi yanayosemwa juu yake ambayo hayana mguu wa kusimamia. Kwa hiyo tutaibana. Tutakaa zaidi kwenye fizi na sukari, kwa sababu hapo ushahidi una nguvu na faida yake mtaiona kwenye kadi zenu. Moyo, mimba na mapafu tutavigusa tu.

Tuanze na kinachotokea mdomoni. Saa chache baada ya kupiga mswaki, utando mwembamba wa bakteria huanza kujijenga juu ya jino, hasa kwenye mstari ambapo jino linaingia kwenye ufizi. Pitisha ukucha nyuma ya meno ya chini ya mbele jioni hii. Kitakachobaki kwenye ukucha, cheupe, laini na chenye harufu, ndicho hicho, ukoga. Ukiuacha siku kadhaa, kalsiamu na fosfeti zilizomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga: mgumu, wa njano au kahawia, na hapo mswaki hauna uwezo nao tena hata usugue mpaka mkono uchoke. Ugaga hupenda mahali pawili, nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa kuwa mifereji mikubwa ya mate inafungukia hapo.

Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Wote, bila kumkosa hata mmoja, walipata uvimbe wa fizi kati ya siku ya 10 na ya 21. Waliporudia mswaki, fizi zilipona ndani ya takribani wiki moja. Jaribio hilo lilimaliza ubishi wa chanzo. Mara nyingi sana ufizi unaotoka damu hauna upungufu wa vitamini wala "damu chafu". Una ukoga uliokaa. Na hatua hii ya kwanza inarudi nyuma yote, ukiuondoa ukoga.

Hatua ya pili hairudi hivyo. Uvimbe ukikaa miezi na miaka, ufizi unaachana na jino na kuacha nafasi pembeni ya mzizi. Tunaiita kifuko. Mswaki haufiki ndani ya kifuko na hewa ni haba, kwa hiyo wanaostawi humo ni bakteria wasiohitaji oksijeni. Maarufu kati yao anaitwa Porphyromonas gingivalis. Mwili unapigana nao, na katika kupigana huko unayeyusha mfupa unaoshika jino. Mfupa huo ukiisha, kwa sehemu kubwa haurudi. Jino linaanza kurefuka, linaachana na jirani yake, linacheza ukiling'ata nyama, mwisho linang'oka hata bila tundu lolote. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1 wana ugonjwa wa fizi uliofika kwenye kiwango kikali.

Na hauumi. Hilo ndilo tatizo lake kubwa. Jino lililotoboka litakuamsha usiku. Ufizi unaoliwa mfupa utakaa kimya miaka 10, ukikupa dalili za kudharauliwa tu: damu kwenye mswaki au kwenye embe uliloling'ata, harufu mdomoni ambayo wewe huisikii ila walio karibu nawe wanaisikia, chakula kunasa mahali ambapo zamani hakikunasa.

Sasa tuwaonyeshe kipimo, maana wengi hamjawahi kukiona. Ni kijiti chembamba cha chuma. Ncha yake ni kitufe kidogo cha duara chenye kipenyo cha nusu milimita ili kisichome, na juu yake kuna mkanda mweusi unaoanzia milimita 3.5 kuishia 5.5. Tunakiteremsha taratibu kati ya jino na ufizi, kwa uzito ambao ukikiweka chini ya ukucha hausikii maumivu. Mkanda mweusi ukibaki wote nje, hapo pazuri. Ukizama nusu, kuna kifuko cha milimita 4 au 5. Ukizama wote usiuone, ni milimita 6 au zaidi, na hilo jino liko hatarini. Katika uchunguzi kamili tunapima sehemu 6 kuzunguka kila jino na kuandika pia kila palipotoka damu. Ni dakika 20 hivi, hakuna sindano.

Kwa nini tunahangaika na milimita? Kwa sababu ngozi ya ndani ya kifuko imechanika, na vifuko ni vingi. Mtu mwenye ugonjwa wa fizi wa mdomo mzima, ukikunjua vifuko vyake vyote ukavitandaza, watafiti walikadiria utapata eneo la sentimita za mraba 8 hadi 20. Kisanduku cha kiberiti kina kama 17. Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha ukubwa huo mguuni angelazwa, angesafishwa kila siku, familia nzima ingejua. Mwenye kidonda cha ukubwa huo mdomoni anaambiwa apunguze kusugua.

Tuingie kwenye sukari yenyewe. Barabara hii ina njia mbili, na tuanze na ile inayotoka kwenye sukari kwenda kwenye fizi. Sukari ikikaa juu, mishipa midogo ya damu ya ufizi inaharibika, kama inavyoharibika ile ya macho na ya figo. Chembe nyeupe za damu zinazotangulia kupambana na bakteria zinafika zikiwa dhaifu. Halafu hazifi kwa wakati, zinabaki zikimwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama ya ufizi wa mwenyewe. Sukari iliyozidi inajinatisha kwenye protini za mwili, ikiwemo kolajeni, kamba zinazolishika jino kwenye mfupa, na kolajeni ya namna hiyo haijikarabati vizuri. Juu ya yote mate yanapungua, kinywa kinakauka, na mate ndiyo maji ya kwanza ya kuosha meno. Ndiyo maana mtu mwenye kisukari kisichodhibitiwa ana uwezekano wa takribani mara 3 wa kupata ugonjwa mkali wa fizi kuliko asiye na kisukari. Lakini sikilizeni hapa: aliyeidhibiti sukari yake vizuri, hatari yake inashuka mpaka inakaribia ya mtu wa kawaida.

Njia ya pili ndiyo isiyosemwa sana. Kila mnapotafuna, bakteria na vipande vyao vinapenya kwenye damu kupitia vile vifuko. Mwili unajibu kwa kutoa kemikali za mcharuko, yaani zile zinazoleta uvimbe na joto mahali penye maradhi. Kemikali hizo hazibaki mdomoni, zinazunguka na damu, na zinaizuia insulini isifanye kazi yake kwenye misuli, kwenye mafuta na kwenye ini. Hilo si geni kwenu. Ukipata malaria, au jipu, au maambukizi ya mkojo, sukari inapanda ingawa hujabadilisha chakula wala dawa. Tofauti ni kwamba malaria inatibiwa ikaisha wiki hiyo hiyo. Fizi zinaipandisha kidogo kidogo, kila siku, na hakuna anayezishuku.

Ushahidi uko wapi? Katika jamii ya wenyeji asilia waitwao Pima, wa Gila River huko Arizona, Marekani, ambao kisukari cha aina ya 2 kimewaandama kuliko karibu watu wote duniani, wagonjwa wa kisukari walifuatiliwa kwa miaka mingi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2005 yalionyesha kuwa wenye ugonjwa mkali wa fizi walikufa kwa moyo na figo zaidi ya mara 3 ya wale ambao fizi zao hazikufika huko. Hiyo inaonyesha kwamba viwili hivi vinatembea pamoja. Haijasema kipi kimemwita mwenzake. Kwa hiyo muhimu zaidi ni majaribio ya tiba. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya majaribio 35, ulikuta kwamba kusafisha fizi kwa kina kunashusha HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi 3, kwa wastani wa 0.43 baada ya miezi 3 au 4. Aliyekuwa na 8.5 anategemewa kuwa kwenye 8.1 hivi. Haitoshi kumwachisha mtu metformini, na atakayewaambia hivyo mkimbieni. Lakini ni mteremko wa kweli, unaopatikana bila kuongeza kidonge hata kimoja.

Kuna jaribio kubwa la Marekani, lilitoka mwaka 2013, ambalo halikuona sukari ikishuka. Tunalitaja kwa sababu lina funzo kuliko yale yaliyofaulu. Wakosoaji walipolichambua waliona kwamba baada ya tiba washiriki bado walikuwa na utando kwenye sehemu kubwa ya meno yao, na fizi zao ziliendelea kutoka damu. Yaani walisafishwa, hawakupona. Kupita kwenye kiti cha daktari si dawa. Dawa ni ufizi kuacha kutoka damu.

Basi kwenye kiti kinafanyika nini? Mkifika hospitali, msiseme "nataka meno yang'ae." Mtang'arishiwa, mtarudi nyumbani na vifuko vyenu. Semeni: nina kisukari, nataka nipimwe vifuko, na vikiwepo nisafishwe chini ya ufizi. Hatua ya kwanza ugaga wa juu unaondolewa kwa mashine inayotetemeka na kumwaga maji. Hatua ya pili, kwa penye kifuko, inapigwa ganzi na mizizi inakwanguliwa ndani, upande mmoja wa mdomo leo na mwingine siku nyingine. Kwa kawaida safari 2 hadi 4. Baada ya wiki 8 hadi 12 tunapima tena. Vifuko vilivyobaki virefu ndivyo vinavyohitaji kazi zaidi, pengine upasuaji mdogo. Baadaye mnarudi kila miezi 3 au 4, kwa sababu bakteria wabaya huchukua karibu miezi 3 kujirudisha ndani ya vifuko. Kwa bahati nzuri hiyo ndiyo kalenda ya HbA1c. Ziunganisheni.

Hapa tujibu lile neno la mtaani, kwamba kusafisha meno kunayalegeza. Anayelisema hasemi uongo. Ameona jambo la kweli akalifasiri vibaya. Jino lililopoteza mfupa linaweza kuwa limeshikiliwa na ugaga uliogandana na majirani zake. Ukiondoa ugaga, ulegevu uliokuwepo unaonekana. Pia ufizi uliovimba ukipona unanywea, mapengo yanajitokeza na mizizi inapata baridi; maji ya friji yatawakera wiki mbili tatu. Dawa ya meno ya kupunguza maumivu ya baridi inasaidia. Ulegevu nao, kwa meno ambayo hayajafika mbali, hupungua ufizi ukishakaza.

Kazi ya nyumbani ni kubwa kuliko yetu, kwa hiyo tuiseme polepole. Nunueni mswaki laini. Ule mgumu unaoununua ukidhani unasafisha zaidi unaurudisha ufizi nyuma na kulikwangua jino shingoni. Uelekeze brashi kwenye ufizi kwa mshazari, nyuzi 45, nusu ya nywele iguse jino na nusu iguse ufizi. Tetemesha hapo hapo kwa miendo mifupi, kama mara 10, halafu sogea meno mawili mbele. Usisugue kama anayekata mbao kwa msumeno. Nyuma ya meno ya mbele usimamishe mswaki wima, utumie ncha. Dakika 2 nzima, mara 2 kwa siku, na ya usiku ndiyo isiyokosekana kwa sababu ukilala mate yanakauka. Dawa ya meno iwe na floridi ya 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Imeandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo, mwombe mjukuu asome. Ukimaliza tema, usisukutue maji. Mswaki badilisha kila baada ya miezi 3, au mapema nywele zikitawanyika.

Damu ikitoka mahali, watu wengi wanapakwepa. Fanyeni kinyume: hapo ndipo pa kukaa zaidi, kwa upole. Siku chache za mwanzo damu itazidi kidogo, kisha kati ya wiki ya kwanza na ya pili itapungua. Ikipita wiki 2 na bado inatoka, kuna ugaga au kifuko, na hapo mmeshamaliza yenu, njooni.

Kati ya meno ndiko ugonjwa huanzia, na mswaki haupiti huko. Penye nafasi, tumieni vibrashi vidogo vya kati ya meno. Kinachofaa ni kile kinachoingia kwa kukaza kidogo bila kulazimishwa; kipeleke mbele na nyuma mara kadhaa, kikoshe, utakitumia tena mpaka nywele zilale. Penye kubana, uzi wa meno: kata kama sentimita 45, zungusha kwenye vidole vya kati, teremsha ukikunja kwenye ubavu wa jino moja mpaka chini kidogo ya ufizi, panda, kisha ubavu wa jino la pili. Usiuteremshe kwa kishindo, utakata ufizi. Pini, njiti ya kiberiti na kona ya bahasha vina nafasi yake, lakini si mdomoni.

Mswaki wa mti tunauheshimu, na ndugu zetu wa Pwani wanaoutumia kabla ya kila swala wana meno mazuri kwa sehemu za mbele. Mapungufu yake ni mawili. Haufiki vizuri nyuma ya magego, na ukisuguliwa kwa kupita kushoto kulia unaukwangua ufizi. Kata ncha mpya kila siku, tafuna mpaka nyuzi zilainike, sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea kwenye jino. Usiku ongeza dawa yenye floridi na uzi. Mkaa, majivu na mchanga tunaomba muviache. Vinang'arisha kwa kulila jino.

Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, yanatuliza ufizi uliovimba. Yateme, hasa mwenye presha. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini, mililita 10 kwa dakika 1 mara 2 kwa siku, inasaidia kipindi ambacho mswaki unauma, lakini isizidi wiki 2 kwani inapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha, na ikae nusu saa mbali na dawa ya meno. Hata moja kati ya hizo haiingii kwenye kifuko. Mafuta ya karafuu yanapunguza maumivu ya jino kwa muda, ila ukiyamimina kwenye ufizi yanaunguza. Aspirini ya kubandika kwenye ufizi inaunguza zaidi.

Jambo la duka la dawa. Fizi zikivimba wengi wananunua metronidazoli na amoksilini, siku 5, na kweli uvimbe unashuka. Mwezi unaofuata umerudi. Bakteria wamejifunika ndani ya utando ambao dawa haiupenyi vizuri, na ugaga uko pale pale. Dawa hizo zina mahali pake, kwa mfano jipu lenye homa au fizi zinazokufa na kunuka ghafla, hali tunayoiona kwa wenye kinga iliyoshuka, na ambayo haitaki kusubiri hata siku moja. Lakini kuna watu ambao metronidazoli ya kujinunulia inaweza kuwaua: wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Inaipandisha nguvu ya wafarini, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, mtu anavuja ndani. Aliyewekewa valvu ya bandia ya moyo, yaani mlango wa kupitishia damu, awe amefanyiwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili au India, asimeze kidonge cha jino au fizi alichopewa na mtu yeyote kabla ya kuuliza.

Wengine wana fizi zinazokua mpaka zinafunika nusu ya jino. Waulizeni wanameza nini. Nifedipini na amlodipini za presha, na fenitoini ya kifafa, zinaweza kufanya hivyo, hasa penye ukoga mwingi. Usiache dawa ya presha kwa sababu ya ufizi! Njoo usafishwe, na tutamwandikia daktari wako aone kama inafaa kubadilisha.

Sigara na ugoro tuviseme kwa ufupi kwa kuwa mmeshaambiwa sana, ila kuna moja ambalo huenda hamjalisikia. Sigara inabana mishipa ya ufizi, kwa hiyo mvutaji mara nyingi hatoki damu. Anaona mswaki msafi, anajisifu, na mfupa unaliwa kwa kasi kuliko wa jirani yake anayetoka damu.

Tuliahidi kugusa mengine. Moyo: wenye ugonjwa wa fizi wanapata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini Chama cha Moyo cha Marekani kilipopitia tafiti mwaka 2012 kilisema uhusiano upo, ila haijathibitika kuwa fizi ndizo zinazosababisha, wala kwamba kuzitibu kunazuia mshtuko. Msimamo huo ni wa haki, tunaushika. Kilicho dhahiri ni kwa wenye valvu za bandia au waliowahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo: bakteria wa mdomoni wanaweza kwenda kukaa kwenye valvu, ndiyo maana kabla ya kung'oa au kukwangua chini ya ufizi wanapewa amoksilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla. Na kwetu, ambako homa ya rumatiki ya utotoni imeharibu valvu za vijana wengi, watu hao si wachache.

Mimba: homoni zinafanya fizi zivimbe kirahisi kwa ukoga kidogo. Ilidhaniwa kuzitibu kungezuia watoto njiti; jaribio la Marekani la mwaka 2006 lenye wanawake zaidi ya 800 halikuona hivyo. Lakini lilionyesha kuwa kusafishwa fizi ukiwa mjamzito ni salama. Kwa hiyo ile ya "subiri ujifungue kwanza" haina msingi, na miezi ya kati ndiyo yenye raha zaidi kukaa kwenye kiti.

Mapafu, na hapa nasaha ni kwenu vijana mnaouguza wazee waliopooza. Huko Japani, katika nyumba za kulelea wazee, utafiti uliotoka mwaka 1999 ulionyesha kwamba waliosafishwa vinywa kila baada ya chakula walipata nimonia kidogo kuliko ambao hawakusafishwa. Mzee asiyemeza vizuri anavuta mate yenye bakteria kwenda mapafuni. Mketishe, au mlaze kwa ubavu, usimsafishe akiwa chali. Mswaki laini wenye unyevu tu, dawa kiasi cha punje ya njegere, futa mate kwa kitambaa safi kilichozungushwa kidoleni. Meno bandia yavuliwe usiku, yasuguliwe, yalale kwenye maji. Mwenye kisukari akilala nayo, kaakaa linakuwa jekundu kwa fangasi. Ubongo nao umetajwa sana tangu 2019 kwamba bakteria wa fizi wanaleta ugonjwa wa kusahau. Dawa iliyotengenezwa kwa nadharia hiyo ilifeli kwenye jaribio lake kuu mwaka 2021. Mkiuziwa habari hiyo, msinunue bado.

La mwisho ni siku yenyewe ya kwenda kwa daktari wa meno, maana hapa watu huumia bila sababu. Chukua miadi ya asubuhi. Kunywa chai na kula kama kawaida, meza au choma dawa yako kama kawaida. Kosa tunaloliona ni mtu kuchoma insulini, kuja bila kula akihofia kutapika, kisha anapigwa ganzi na hawezi kutafuna saa mbili au tatu zaidi. Sukari inaporomoka akiwa kwenye kiti; anatoka jasho, anatetemeka, na sisi tunaweza kudhani anaogopa sindano. Njoo na kipimo chako cha sukari kama unacho, na kadi yenye HbA1c ya karibuni. Sukari ya kidole ikiwa chini ya 4 (mmol/L) hatuanzi: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, tunapima tena baada ya dakika 15. Ikiwa juu sana na si dharura, tutakurudisha kliniki kwanza, kwa sababu kidonda cha kung'oa jino kitachelewa kupona. Ganzi ikiisha, kula uji au viazi vilivyopondwa kabla ya dozi inayofuata.

Tunaanza kupima fizi sasa hivi, hapa hapa, na tutaandika matokeo kwenye kadi zenu chini ya mstari wa miguu. Wenye valvu za bandia mtuambie kabla hatujagusa kitu. Na aliyechoma insulini au kumeza glibenklamidi asubuhi na bado hajatia kitu tumboni asipange foleni kwanza. Apite kwa muuguzi achomwe kidole, anywe uji, ndipo aje.